Uniti Tatu za Maji

Aliyeyaona maji kwanza ni jirani, mama mmoja mshona nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Asubuhi hiyo alitoka kutupa vipande vya vitambaa, akakuta maji yanachuruzika chini ya mlango wa mbele wa nyumba ya Fundi, yanashuka ngazi mbili, yanapinda kando ya ua na kuingia mtaroni. Akapiga simu. Hata salamu hakutoa. "Fundi, nyumba yako inatoka maji mlangoni," alisema, "na mlango umefungwa."

Mtu mwingine angepiga kelele. Fundi alinyamaza kimya, maana alijua pale pale kwamba kosa ni lake, na alijua ni kosa gani. Miaka arobaini na moja alifanya kazi ya mabomba. Mtaani pale hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kulala chali chini ya sinki lake, na katika kila nyumba, akishamaliza kazi na kunawa mikono, alikuwa na hotuba yake moja ya bure: ukifunga mlango kwa safari, funga na koki kubwa. Watu waliikariri. Wengine walikuwa wanaimalizia wao kabla hajaifikia nusu.

Koki yake mwenyewe ilikuwa wazi. Nyumba ilikuwa imefungwa miezi kumi na minne, tangu mkewe alipofariki na yeye akahamia kwa binti yake, na muda wote huo koki kubwa iliyo pembeni ya mita ilikuwa wazi. Wala hakusahau. Aliiacha hivyo kwa makusudi, mzee mzima na akili zake timamu, na sababu yenyewe hakuwahi kumwambia mtu.

Kilichopasuka ni kitu kidogo cha kuchekesha: lile bomba fupi la kukunjika lililo chini ya sinki la jikoni. Lilipasuka siku ambayo hakuna mtu, likamwaga maji usiku na mchana, pengine siku tatu, pengine nne. Fundi alipofika na kusukuma mlango, mlango ulikataa zaidi ya kawaida yake kwa sababu mbao zilikuwa zimevimba. Aliusukuma kwa bega. Makabati ya jikoni yalikuwa yamefura, zulia la sebuleni lilikuwa linaelea pembeni, na ukuta wa ukumbini ulikuwa umelowa hadi usawa wa goti. Alifunga koki, akakaa kwenye kiti cha ukumbini, miguu ndani ya maji, na kwa muda mrefu hakufanya kitu kingine chochote.

Binti yake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kalamu nyekundu. Jioni ile ile alitoa mkataba wa bima ambao marehemu mama yake aliukata na ambao yeye mwenyewe aliendelea kuulipia, akausoma mstari kwa mstari, akapiga duara kwenye kifungu kimoja.

"Sikiliza, Baba. Bomba likipasuka ghafla, wanalipa. Lakini nyumba ikikaa siku thelathini mfululizo bila mtu kulala ndani, hasara ya maji hawalipi hata senti."

"Basi hawalipi," alisema Fundi.

"Kwa nini wasilipe? Wewe ulikuwa unakwenda kule kila Jumapili."

"Kwenda nilikwenda. Kulala sikulala."

"Baba, nani anajua?"

Fundi alijifanya hamnazo, akaangalia pembeni. Binti akamsogezea kiti karibu, akaongea kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha zaidi. Bima ikilipa, alisema, tunakarabati kila kitu na wewe unarudi kwako, sitakuzuia tena. Isipolipa, mimi na mume wangu hatuna uwezo, nyumba itauzwa kabla ukungu haujaimaliza. Mtu wa kuinunua yupo na alishauliza mara mbili. Fundi alikubali kwa kichwa, maana lilikuwa jambo la haki.

Na kurudi alikutaka. Loo, alikutaka! Kwa binti hakukosa kitu: chumba safi, dirisha, mkwe mwenye adabu aliyempisha kiti kila anapoingia. Lakini mkono wake ulikuwa bado unatafuta swichi ya taa mahali ilipokuwa kwake, chini kidogo, alipoiweka ili mkewe mfupi aifikie. Kila asubuhi alipapasa ukuta mtupu. Alikitamani kile kiti cha ukumbini, alitamani mlango wake unaotaka bega, alitamani mpaka ile harufu ya kabati la sahani. Wakati mwingine alikuwa mezani na watu wanacheka, akajikuta anahesabu siku zilizobaki kufika Jumapili.

Jumapili alikuwa na utaratibu wake. Alifungua mlango, akaangalia madirisha kwa ajili ya kumridhisha binti, kisha akakaa kwenye kile kiti na kusikiliza tangi la choo.

Hapo sasa lazima tuseme ukweli kuhusu tangi hilo. Lilikuwa na ugonjwa mdogo ambao fundi mwanafunzi angeutibu wiki yake ya kwanza: mpira wa chini haukukaa sawa, maji yakavuja polepole kwenda bakulini, na kila baada ya robo saa hivi boya lilishuka, valvu ikafunguka, tangi likajaza upya kwa kelele, kisha likanyamaza. Miaka tisa lilifanya hivyo. Miaka tisa mke wa fundi mabomba aliishi na tangi bovu, na mtaa wote ulijua na ulicheka.

Mkewe, Fundi alimwita Mwenyekiti. Hakuwahi kuwa mwenyekiti wa chama wala kikundi. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu. Jina alilipata wiki ya kwanza ya ndoa, siku alipoitisha kikao cha watu wawili kujadili mahali pa kuweka meza. Tangi likianza, Mwenyekiti aliita kutoka chumbani, bila hasira, kama mtu anayesoma saa:

"Fundi, mwanao analia."

Na Fundi, popote alipo, alijibu: "Kesho, Mwenyekiti."

Ndiyo hiyo tu. Watoto wao wote walikua, binti akaolewa, na mtoto huyo wa mwisho alibaki analia bafuni na wazazi wake wanabadilishana maneno yale yale. Mwaka wa sita Mwenyekiti alifunga safari mwenyewe hadi duka la vifaa, akanunua mpira, akauweka juu ya mfuko wa kazi wa mumewe. Fundi aliutupia jicho moja. "Si saizi yake," alisema, hata hakuushika. Mtu aliyeshika mabomba tangu ujana aje aletewe mpira na karani wa posta! Mwenyekiti hakubishana. Alichukua mpira wake akaondoka nao, na tangi lilipolia tena aliita kama kawaida.

Kwa hiyo sasa unajua koki ilikuwa wazi kwa nini. Angeifunga, tangi lingekufa. Kila Jumapili alikaa ukumbini akisubiri valvu ifunguke, maji yaanze, na baada ya maji, pale palipokuwa na sauti ya mkewe, alisubiri. Hakuwa mwendawazimu. Alijua haitakuja. Lakini kwa muda wa pumzi mbili tatu nafasi yake ilikuwa pale, imeachwa wazi kama kiti cha mtu aliyetoka mara moja, na Fundi aliona ni heri nafasi hiyo kuliko kutokuwa na kitu kabisa. Ikifika alasiri alifunga mlango na kurudi kwa binti.

Mkaguzi wa bima alikuja wiki ya tatu, Jumanne saa nne asubuhi. Fundi alitegemea kijana mwenye tai na haraka. Akaja mwanamke mmoja mwembamba mwenye begi kubwa, akatoa shikamoo mlangoni, kisha akainama, akavua viatu vyake na kuvaa mabuti ya mpira aliyokuja nayo. Fundi alimwangalia akiyavaa na moyoni akampa alama.

"Karibu, mwanangu. Mabuti hayo yameshaona kazi."

"Yameona mpaka nisiyotaka kuyaona mimi, mzee wangu."

Alikagua nyumba bila papara. Alikuwa na kifaa kidogo chenye pini mbili, alichokichomeka ukutani na kikalia haraka haraka palipo na unyevu, taratibu palipokauka. Lakini kabla ya kifaa aligonga plasta kwa kiungo cha kidole na kuweka sikio. Fundi akashindwa kujizuia.

"Nani alikufundisha kugonga?"

"Ukuta mmoja ulioniangukia mguuni, mzee. Tangu siku hiyo nagonga kwanza."

Fundi akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza katika nyumba ile tangu msiba. Binti aliyekuwa nyuma yao na faili kifuani alishangaa, akatabasamu naye, akaona mambo yanakwenda vizuri. Mkaguzi alipouliza kipande kilichopasuka kiko wapi, Fundi akatoa mfuko wa plastiki kutoka kwenye droo: kipande chote, kimekaushwa, na mahali pa mpasuko pamewekwa alama kwa kalamu. "Wateja wangu huwa wamekitupa," alisema mkaguzi. "Kisha wanataka nikiamini kwa kiapo." Alikipiga picha kutoka pande tatu.

Akaomba koki ifunguliwe, ahakikishe mabomba mengine ni mazima. Fundi alikuwa ameshaziba lile la jikoni, kwa hiyo alitoka nje, akazungusha koki, akarudi. Ndani ya kuta maji yalipanda. Huko bafuni, baada ya wiki tatu za ukimya, tangi lilianza kujaa. Fundi alisimama katikati ya ukumbi, mkono ukutani, mpaka binti akauliza kama anataka kukaa.

"Niko sawa," alisema.

Walikaa jikoni, kwenye meza iliyovimba miguu. Mkaguzi alifungua karatasi zake.

"Kupasuka hakuna ubishi," alisema. "Ni ghafla, na bomba lenyewe halikuwa la zamani. Shida yangu ni moja, na nadhani mnaijua. Jirani aliniambia nyumba hii imefungwa zaidi ya mwaka."

"Jirani yupo kwenye cherehani yake kutwa nzima," binti alidakia. "Hawezi kujua nani analala wapi."

"Ndivyo nilivyojiambia. Jirani anaweza kukosea. Kwa hiyo nilikwenda ofisi ya maji nikaomba usomaji wa mita wa mwezi kwa mwezi." Alisogeza karatasi mbele yao na kufuata mistari kwa kalamu. "Mwezi huu, uniti tatu, yaani lita elfu tatu. Huu, tatu. Tatu. Tatu na kidogo. Tatu. Miezi kumi na mitatu, kila mwezi uniti tatu, mpaka mwezi wa mafuriko."

Binti alitazama namba zile, mwalimu wa hesabu, na mara hii hesabu ilimshinda.

"Nyumba tupu hainywi maji," mkaguzi aliendelea. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Hizi ni uniti za mtu mmoja. Mtu mzima, anayekaa peke yake, asiyefuja. Umeme umetumika kidogo sana, ni kweli, lakini wazee wengi wanalala na kuku, taa hawawashi. Mita haina sababu ya kunidanganya." Akageuza fomu upande wa Fundi. "Mimi silali katika nyumba za watu. Naandika ninachokiona, na ninachoona hapa ni kwamba kulikuwa na mtu. Mwenye nyumba aniambie tu ni nani, aweke saini hapa, nami nitapendekeza mlipwe. Nani alikuwa anakaa hapa, mzee wangu?"

Chini ya meza goti la binti liligonga goti la baba yake.

Fundi aliangalia zile namba tatu zilizopangwa kwa safu. Alizijua. Alijua kila lita yake ilipita wapi: kila robo saa, usiku na mchana, jua na mvua, mtoto wake wa bafuni akijaza na kumwaga, akijaza na kumwaga. Kwa hesabu ya ofisi ya maji, nyumba hii haikukaa bila mtu hata siku moja. Ilikuwa na mtu mmoja, mtu mzima, asiyefuja. Neno lilimjia mdomoni lenyewe. Mke wangu. Alikuwa anakaa mke wangu.

Na ilikuwa rahisi, jamani. Hakuhitaji hata kumtaja marehemu. Angesema "mimi" tu, herufi nne, na yote yangekuwa yake: kuta kavu, makabati mapya, swichi yake ya chini. Karatasi ilikuwa upande wake. Binti alikuwa upande wake. Hata mkaguzi mwenyewe, mtu wa kazi anayejua kugonga ukuta, alikuwa amemshikia mlango wazi na anamngoja apite.

Huko bafuni valvu ikafunguka. Tangi likaanza. Wote watatu walilisikia, na ni mmoja tu aliyeinua kichwa na kusubiri. Maji yalijaa, yakakoma. Zikapita pumzi mbili, ya tatu, na hakuna aliyeita.

"Hapakuwa na mtu," alisema Fundi.

"Baba," alisema binti.

"Hapakuwa na mtu, mwanangu. Unayoyasoma hapo ni tangi la choo. Linavuja. Mpira wa chini. Kila robo saa linajaza lita moja na ushee, wewe piga hesabu," alimwambia binti yake, "utapata uniti tatu kwa mwezi, hata bila kalamu. Koki niliiacha wazi mimi, kwa makusudi, ili tangi lisinyamaze. Mama yako alikuwa analisema. Nilikuwa nakuja Jumapili kulisikiliza."

Mkaguzi aliweka kalamu chini.

"Baba, umejipalia makaa mwenyewe," alisema binti. "Ungesema tu ulikuwa unalala. Ni mimi niliyekuzuia usilale hapa, si kosa lako. Ni mimi niliyesema presha, nikasema utaanguka bafuni."

"Hukunizuia wewe." Hapo Fundi alipiga moyo konde, maana hili hakuwa amelisema hata kwa nafsi yake. "Nani wa kunizuia mimi na funguo ninazo? Niliogopa. Kila Jumapili nilikuja na nia ya kulala, na chumbani sikuingia hata mara moja. Ninafika mlangoni nageuka. Nilikuwa nawaambia watu binti yangu ananibana, binti yangu haniruhusu, nikakusingizia mwaka mzima. Nisamehe, mama."

Binti alifunika uso kwa faili.

Mkaguzi alivuta fomu taratibu. "Nikiandika hivyo, mzee wangu, unajua hawatalipa."

"Najua."

"Ningeweza kutosikia ulichosema kuhusu tangi."

"Umelisikia," alisema Fundi. "Una sikio zuri. Usiliharibu kwa ajili yangu."

Mkaguzi aliinama akaandika. Fundi aliifuata kalamu kwa macho mpaka ilipomaliza mstari: nyumba haikuwa na mtu kwa miezi kumi na minne. Yalikuwa maneno machache, na kuyaona yameandikwa kulimuuma kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi watu walikuwa wengi na nyumba ilijaa viti vya kuazima.

"Sasa ongeza," alisema. "Kuanzia leo ina mtu."

"Fomu haina sehemu ya hilo."

"Andika pembeni."

"Baba, tulikubaliana," binti alisema kwa upole. "Bima isipolipa, tunauza. Utalala wapi humu? Sakafu mbichi, kuta mbichi. Nani atazikarabati?"

"Tulikubaliana nikiwa nadhani kinachonizuia kurudi ni maji. Maji nayajua. Nitabandua plasta upande mmoja mmoja, nitafungua madirisha, pakikauka nitapiga nyingine. Ikichukua mwaka, ichukue. Kitanda kina miguu mirefu, godoro halikuguswa." Alimgeukia mkaguzi. "Andika, mwanangu. Weka na tarehe."

Mkaguzi aliandika pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo, akaweka tarehe. Haikuwa na maana yoyote kwa kampuni na wote walijua. Mlangoni alivua mabuti, akavaa viatu vyake, akasimama kidogo kana kwamba kuna kitu amesahau. "Kubandua plasta ya ukumbini anzia chini, mzee, usipande juu ya hapo nilipoweka alama. Juu ya alama ni nzima." Fundi alimshukuru kwa mikono miwili. Binti alimsindikiza mpaka barabarani, na kutoka dirishani Fundi aliwaona wamesimama wanaongea, binti anafuta macho, mkaguzi ameinamisha kichwa.

Alibaki peke yake. Alitembea mpaka mlango wa chumbani, na safari hii hakugeuka.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama binti alivyokiacha baada ya kupanga nguo za mama yake. Fundi alikizunguka. Kwa miaka yote ya ndoa yeye alilala upande wa dirisha, na Mwenyekiti upande wa ukuta, kwa kuwa alikuwa hapendi baridi. Alihofia kulala upande wa dirisha na kuuona wa mkewe mtupu. Basi akakaa upande wa ukuta, akavua viatu, akajinyoosha, akaweka kichwa mahali pa mkewe. Ilikuwa saa saba mchana. Alifumba macho na kungoja apate chochote, harufu, joto, kitu.

Tangi likalia.

Fundi alishtuka akakaa. Lilikuwa sikioni mwake! Ukuta ule ndio ukuta wa bafu, bomba lilipita ndani yake, na upande huu wa kitanda halikuwa sauti ya mbali ya maji. Lilikuwa mtu anayegonga mlango kwa ngumi na kuburuta mnyororo. Upande wake wa dirisha lilifika limechoka, linabembeleza. Kule ukumbini kwenye kiti chake lilikuwa tamu. Alilala tena, akavumilia mpaka likanyamaza, akaangalia saa. Baada ya robo saa likagonga upya.

"Miaka tisa," alisema kwa sauti. "Mwenyekiti, ulikuwa unalala hapa miaka tisa?"

Alikuwa akidhani wanataniana. Alikuwa amefanya kelele ile ukumbusho wake mtakatifu, amefunga safari kila Jumapili kuja kuiabudu, ameizamisha nyumba nzima kwa ajili yake, na ilikuwa ndiyo iliyomnyima mkewe usingizi. Hakuita kwa mzaha, au si kwa mzaha tu. Aliomba. Kwa adabu, bila kuchoka, aliomba kitu kimoja ambacho mumewe alikuwa na uwezo nacho kuliko mtu yeyote mtaani, na kila siku aliambiwa kesho. Fundi alilia hapo, mkono mdomoni, na alilia vibaya.

Alipotafuta kitambaa alivuta droo ndogo ya upande wa mkewe. Miwani. Kalamu ya posta. Risiti. Na kwenye kona, ndani ya pakiti yake ambayo haikufunguliwa, mpira.

Aliushika kiganjani muda mrefu. Kisha akaenda kuleta mfuko wa kazi.

Binti aliporudi alimkuta amepiga magoti bafuni, mfuniko wa tangi sakafuni, mikono ndani hadi viwikoni. Alikaa kwenye kiti cha ukumbini. Fundi alitoa mpira wa zamani, mweusi, umekunjamana, akausogeza kando. Akachana pakiti. Magoti yalimuuma na vidole havikuwa na nguvu kama zamani, lakini kazi yenyewe haikufika dakika kumi. Alifungulia maji. Tangi lilijaa kwa kelele yake yote, boya likapanda, valvu ikafunga.

Fundi hodari hasemi kazi imekwisha mpaka ajaribu. Alitazama saa yake, akarudi chumbani, akakaa kitandani upande wa ukuta. Robo saa ikapita. Ikapita nusu saa. Kutoka ukumbini binti aliita, "Baba, mbona kimya?"

"Nimelitengeneza," alisema.

Kiti kililia kidogo binti alipoinama. Fundi aligusa ukuta kwa kiganja, na ukuta ulikuwa umetulia.

"Ulikuwa saizi yake, Mwenyekiti," alisema, na akakaa kungoja, ingawa safari hii hapakuwa na kelele yoyote ya kumzuia kusikia kwamba hajibiwi.